Gia Otomatiki ya Skuta: Kuifungua, Kuipima na Kuirekebisha Nyumbani

Skuta inayopiga kelele nyingi na kwenda kidogo, mara nyingi injini yake ni nzima. Ugonjwa uko kwenye lile kasha refu la alumini upande wa kushoto, kati ya injini na gurudumu la nyuma, ambamo mna puli mbili, mkanda wa raba, klachi na rola sita. Mwenye skuta hubadilishiwa plagi, akasafishiwa kabureta, pengine akauziwa hadi pistoni, na kasha lile halijafunguliwa tangu skuta itoke dukani.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kulifungua mwenyewe, apime kilichomo, airudishe gia katika hali yake njema, halafu ndipo airekebishe ivute anavyotaka. Nasisitiza mpangilio huo. Watu wengi huanza na rola nyepesi kabla hata ya kupima mkanda, na rola nyepesi juu ya mkanda uliochoka ni pesa iliyotupwa.

Mfano wangu ni injini ya GY6, maana ndiyo iliyojaa mitaani kwetu. Kymco ya Taiwan iliiendeleza kutokana na kazi ya Honda, kisha viwanda vingi vya China vikaichukua, na leo imo ndani ya skuta zenye majina ya kila aina. Utaijua kwa herufi zilizogongwa kwenye kasha: 139QMB ni cc 50, 152QMI ni cc 125, 157QMJ ni cc 150. Tarakimu ya kwanza ni idadi ya silinda, mbili zinazofuata ni kipenyo cha silinda kwa milimita. Skuta za kisasa za Honda, Yamaha, Suzuki na Vespa zinafuata kanuni hizihizi, ila vipimo vyake vitafute kwenye kitabu cha modeli yako. Vespa za zamani, zile za kuzungusha gia kwa mpini wa kushoto, hazihusiki hapa.

Kinachotokea ndani

Puli ya mbele imekaa kwenye kranki na ina sahani mbili zenye mteremko. Ya nje, yenye mapezi ya feni, haitembei. Ya ndani ndiyo varieta, nayo huteleza juu ya bushi, kile kibomba kifupi cha chuma kilichovaa shafti ya kranki, ikienda na kurudi. Mgongoni mwa varieta kuna vyumba sita, kila kimoja na rola yake, na bati lenye miteremko linazifunika rola hizo kwa nyuma.

Injini ikizunguka polepole, rola zimelala karibu na kitovu, sahani zimeachana, mkanda umekaa chini. Hiyo ndiyo gia nzito ya kuondokea. Injini ikiongeza kasi, rola zinarushwa nje, zinapanda miteremko ya bati, zinaisukuma varieta iisogelee sahani ya feni, na mkanda uliobanwa mbavu unapanda juu. Urefu wa mkanda haubadiliki, kwa hiyo huku nyuma unalazimika kuzama kati ya sahani za puli ya pili, ukizitanua huku springi kubwa ikipinga.

Basi humo ndani kuna mvutano wa kudumu. Rola zinataka kupandisha gia, springi inataka kuishusha, na mahali zinapolingana ndipo injini inapotulia. Puli ya nyuma ina msaidizi wake: njia za mshazari na pini ndani yake. Ukikutana na mlima, au ukifungua resi ghafla, mzigo unaizungusha sahani moja kidogo na pini zinaisukuma iubane mkanda zaidi. Ndiyo maana skuta nzima hushusha gia yenyewe mlimani bila wewe kufanya lolote. Kanuni hii ya mkanda na puli za kutanuka ndiyo iliyoendesha gari dogo la DAF 600 la Uholanzi mwaka 1958, na haijabadilika sana tangu hapo.

Mwisho wa safari ni klachi: viatu vitatu vinavyotanuka kwa mzunguko na kulishika bakuli la chuma. Bakuli likizunguka, gia ndogo za nyuma zinazunguka, na gurudumu linakwenda.

Isikilize kabla ya kushika spana

Skuta inayoondoka kwa kutetemeka, kisha ikatulia ikishapata mwendo, ina klachi iliyong'aa au bakuli lililopata joto kupita kiasi. Inayogongagonga injini ikizunguka polepole, na kunyamaza ukiongeza resi, ina rola zilizopata bapa, vile vipande vya plastiki vya bati la nyuma vimeliwa, au bushi imelegea. Inayovuta mbele yenyewe umesimama kwenye taa, tazama kwanza skrubu ya kabureta kama mzunguko wa chini umewekwa juu mno, halafu shuku springi ndogo za klachi kukatika. Ile ambayo injini inalia juu na mwendo hauongezeki ina mkanda mwembamba au klachi inayoteleza. Harufu ya raba na ya lainingi, ile ngozi ya viatu vya klachi, ni tofauti, na pua ya aliyezoea hutambua ipi ni ipi.

Kisha chukua vipimo vya kuanzia na uviandike. Tafuta barabara tambarare isiyo na msongamano, jaza upepo sawasawa kwenye matairi, na utumie kasi ya jipiesi ya simu, kwa sababu mshale wa skuta nyingi hausemi kweli. Simu ifungwe kwenye mpini, isishikwe mkononi. Kama unaweza, nunua kipima mzunguko kile kidogo ambacho waya wake huviringishwa tu juu ya waya wa plagi. Ni cha bei nafuu na kitakuonesha mambo ambayo sikio haliwezi. Andika mambo matatu: mzunguko wa injini wakati klachi inashika, mzunguko unaodumu skuta ikiongeza kasi kwa resi yote, na kasi ya juu. Ongeza na mlima mmoja unaoujua vizuri. Bila karatasi hiyo, baada ya kazi utabaki na hisia, na hisia za mtu aliyetoka kutumia pesa huwa zinampendelea.

Vifaa

Spana boksi namba 8 na 10, boksi kubwa za 17 na 19 kulingana na nati zako, nyundo ya raba, kipimo cha kalipa, msasa, dawa ya kusafishia breki, matambara na barakoa. Spana ya kupima ukazaji kwa Nm ni ya lazima kwa maoni yangu. Kama huna, azima, maana nati mbili za kazi hii hazitaki kukisia.

Unahitaji pia kifaa cha kuzuia puli isizunguke. Fundi wa kuchomelea atakutengenezea kwa vipande viwili vya chuma bapa na pini mbili. Usizuie puli kwa bisibisi katikati ya mapezi ya feni. Mapezi ni alumini laini, yatakatika, na sahani iliyopoteza pezi huzunguka ikitetema.

Kufungua

Skuta iwe imepoa, ufunguo umetolewa, imesimama kwa stendi ya katikati kwenye sakafu ngumu. Vaa barakoa kabla ya kufungua kava. Vumbi jeusi lililomo ni la mkanda na lainingi ya klachi: usilipulize kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa. Lifute kwa tambara bichi.

Weka alama kwenye shafti ya kiki na kwenye mkono wake kabla ya kuutoa, ili urudi palepale. Fungua bolti za kava, na kila bolti uichomeke kwenye boksi la karatasi ulilochora umbo la kava, kwa sababu urefu wake haulingani. Kava likigoma, ligonge taratibu kwa nyundo ya raba kuzunguka pembeni. Usichokoe kwa bisibisi, utaharibu uso wa gasketi. Ziangalie pini mbili fupi za kulenga kava zisianguke mchangani.

Tahadhari moja kubwa: usiwashe injini kava likiwa limetolewa. Mkanda unaozunguka hauchagui kati ya uzi na kidole, na katika baadhi ya skuta, hasa Vespa otomatiki, beringi inayoshika shafti ya nyuma imo ndani ya kava lenyewe.

Zuia puli ya mbele, fungua nati yake, toa washa na nyota ya kiki (gurudumu la meno linaloshikwa na kiki) kama ipo, kisha sahani ya feni. Piga picha kila hatua. Nenda nyuma, zuia bakuli la klachi, fungua nati yake, toa bakuli. Sasa puli ya nyuma pamoja na klachi itatoka ikiwa na mkanda. Rudi mbele uivute varieta pamoja na bati lake la mgongoni kwa vidole viwili, ukiwa umelibana bati lisiachane nayo. Likiachana, rola zitamwagika na hutajua tena ipi ilikaa wapi, na namna zilivyolika ni habari unayoihitaji.

Bashi, ile mashine ya kufungulia nati kwa kugongagonga, ya umeme au ya upepo, inafaa kufungua nati hizi. Kukazia, hapana, hata siku moja.

Kupima

Mkanda. Namba zake zimeandikwa mgongoni. Mkanda wa 842-20-30 una urefu wa mm 842, upana wa mm 20 na pembe ya nyuzi 30. GY6 za cc 125 na 150 za kasha refu hutumia huo au 835-20-30, za kasha fupi hutumia 743-20-30, na cc 50 hutumia 669-18-30 au 729-17.7-30. Nunua kwa kusoma namba, usinunue kwa kulinganisha kwa macho kaunta ya Kariakoo au Kirinyaga Road, kwa kuwa mm 7 za tofauti hazionekani. Pima upana wa juu kwa kalipa sehemu tatu. Ulioanza na mm 20 ukifika 19, umekwisha, hata kama haujapasuka. Milimita moja inaonekana ndogo, lakini mkanda uliopungua upana hauwezi tena kupanda hadi ukingo wa puli ya mbele, na hapo ndipo kasi ya juu ilikokwenda. Ukunje kinyume uangalie mashina ya meno: ukiona nyufa au nyuzi zilizochomoza ubavuni, utupe. Mkanda ukikatika barabarani, nyuzi zake hujisokota kwenye shafti na zinaweza kufunga gurudumu la nyuma.

Rola. Za cc 125 na 150 ni mm 18 kwa 14, za cc 50 ni mm 16 kwa 13. Zizungushe vidoleni. Rola yenye bapa imeacha kuviringika, inaburuzika, kwa hiyo varieta hupanda kwa kushtukashtuka. Kipenyo cha mm 18 kikishuka hadi 17.4, badilisha zote sita pamoja. Kisha zipime uzito moja moja kwa mizani ya sonara. Maandishi ya pakiti si ushahidi. Mizani ndiyo ushahidi.

Varieta yenyewe. Pitisha ukucha kwenye njia za rola na kwenye uso wa mkanda. Ukucha ukikwama kwenye mfereji, rola mpya haitasaidia kwa muda mrefu, itafuata mfereji uleule. Vaa bushi ndani ya varieta uitikise: iteleze bila kucheza kando. Vipande vitatu vya plastiki vya bati la mgongoni ni vya bei ndogo kabisa, navyo ndivyo chanzo cha mlio mwingi unaosingiziwa vali. Vibadilishe kila unapobadilisha rola.

Kwenye GY6 rola hukaa kavu. Grisi hukusanya vumbi, hugeuka ugoro mzito, halafu hurushwa hadi kwenye mkanda. Baadhi ya Yamaha zimetengenezwa na grisi ndani na oringi ya kuizuia. Hizo zifuate kitabu chake.

Klachi. Lainingi ikifika mm 2, badilisha viatu. Iliyobaki nene lakini inang'aa kama kioo, ikwangue kwa msasa wa wastani hadi irudi kuwa butu, na ndani ya bakuli nako ufanye hivyohivyo. Bakuli la cc 125 na 150 huanza na kipenyo cha ndani cha mm 125, likifika 125.5 limeliwa. Rangi ya buluu ndani yake ni alama ya joto. Doa dogo linavumilika, lakini bakuli lililopinda litatetemesha skuta hata ukiweka viatu vipya.

Sili za oili. Ukikuta mafuta nyuma ya varieta, sili ya kranki inavuja. Ukikuta nyuma ya klachi, ni sili ya gia za nyuma. Tengeneza kwanza hiyo. Mkanda mpya ukilowa oili hauna thamani.

Springi kubwa na klachi zimefungwa pamoja kwa nati kubwa bapa. Hapa uwe makini kuliko mahali pengine popote. Springi imebanwa kwa nguvu nyingi, na nati ikitoka bila kitu cha kushikilia, klachi nzima itakurukia usoni. Ibane kwa jiliwa au klampu kubwa kabla ya kufungua, kisha ilegeze kidogokidogo. Kama huna klampu, mpelekee fundi hicho kipande peke yake. Ndani, safisha pini na njia zake za mshazari, paka grisi ya joto kali kidogo tu, na hakikisha oringi zinazoizuia grisi isitoke bado ni nzima. Njia zilizokauka ndizo zinazofanya skuta isite mlimani, ukadhani injini imechoka.

Kurudisha

Safisha nyuso zote nne za puli kwa dawa ya breki na tambara safi, na baada ya hapo usizishike kwa vidole vyenye grisi. Jaza rola, hakikisha bati la mgongoni limekaa sawa, ibane varieta na kuisukuma kwenye shafti bila kuachia. Ukiachia, rola moja inaweza kutoka chumbani mwake na kukaa mshazari, na utalijua hilo siku puli itakapopasuka. Vaa bushi.

Mkanda ukiwa na mshale, mshale ufuate uelekeo wa mzunguko. Usipokuwa na mshale, uvae maandishi yakisomeka ukiwa umesimama upande wa kushoto wa skuta.

Sasa inakuja hatua ambayo, ikikosewa, huua kranki. Tanua sahani za puli ya nyuma kwa mikono na uuzamishe mkanda chini kabisa katikati yake, ili upate ulegevu mbele. Ulegevu huo ndio unaouruhusu mkanda ulale chini juu ya bushi wakati unavaa sahani ya feni. Usipouzamisha, mkanda utabanwa kati ya sahani mbili, sahani ya feni haitafika kwenye bushi, na nati utakayoikaza itakuwa inakaza raba. Itasomeka imekaza. Ukiwasha injini, mkanda utashuka, nati italegea, na sahani itaanza kuzisaga meno za shafti ya kranki. Meno hizo zikiisha, dawa ni kranki mpya, na kwa skuta ya bei ya kawaida hiyo ni karibu bei ya kununua injini iliyotumika.

Hakiki kwa macho kabla ya kukaza: meno za shafti zionekane zikichomoza kupitia tundu la sahani ya feni, na mkanda uweze kusogezwa kwa kidole bila kubanwa. Weka washa na nyota ya kiki kwa mpangilio wa picha zako. Kaza kwa spana ya kupima. Kwa GY6 za cc 125 na 150, nati ya mbele na ya bakuli la klachi huwa karibu Nm 55. Zungusha puli kwa mkono mizunguko kadhaa hadi mkanda upande wenyewe kwenye puli ya nyuma, kisha uikazie nati tena kwa kipimo kilekile. Tazama sahani ya feni kwa upande ikizunguka: isiyumbe.

Rudisha gasketi, pini za kulenga, kava, bolti kwa msalaba. Kabla ya kufunga, safisha pia sifongo inayochuja hewa inayoingia kwenye kasha. Kwetu pwani mchanga na chumvi huiziba haraka, kasha likakosa hewa, na joto ndilo adui wa kwanza wa mkanda.

Endesha kwa upole makumi machache ya kilomita za kwanza ili mkanda mpya ukae, halafu chukua upya vile vipimo vya karatasi. Skuta nyingi huishia hapa kwa furaha. Ilikuwa imechoka tu, na sasa imerudi ilivyotoka kiwandani. Ikiwa inatosha, usiguse kitu kingine.

Kurekebisha kwa rola

Kama bado unataka zaidi, anza na uzito wa rola. Rola nzito hupandisha gia mapema: injini inatulia chini, mafuta yanatumika kidogo, lakini skuta inakuwa mvivu. Rola nyepesi huchelewesha kupanda: injini inakaa juu, skuta inachomoka na kupanda mlima vizuri, ila inakunywa mafuta zaidi, na zikizidi wepesi hazitakuwa na nguvu ya kuishinda springi hadi mwisho, hivyo kasi ya juu inapungua.

Lengo ni lipi? Ukiwa umefungua resi yote, mzunguko wa injini udumu karibu na pale inapotoa nguvu yake kubwa. GY6 ya cc 150 hutoa nguvu kubwa karibu na mizunguko 7,500 kwa dakika, na msukumo mkubwa chini kidogo ya 6,000. Skuta inayoongeza kasi kwa 5,500 ina rola nzito mno. Inayolia 8,000 muda wote ina rola nyepesi mno. Kwa matumizi ya kila siku mimi napendelea mahali pa kati, kama 6,500 hadi 7,000, kwa sababu injini ya kubebea watu na mizigo inapaswa kuishi.

Rola za cc 125 na 150 huuzwa kuanzia gramu 8 hivi hadi 15, na zinazotoka kiwandani mara nyingi ni kati ya 11 na 13. Badilisha gramu moja tu kwa kila rola, kisha pima. Hiyo ni gramu sita kwa jumla, na inatosha kusogeza mzunguko kwa mia chache. Ukitaka nusu gramu, changanya: tatu za 11 na tatu za 12, ukizipishanisha moja kwa moja ili varieta ibaki na mizania. Usiweke mbili nzito upande mmoja.

Kuna jaribio la kalamu ambalo ni la thamani kubwa na halina gharama. Chora mistari ya wino mweusi kuanzia kitovu hadi ukingo kwenye sahani za puli ya mbele, funga kava, nenda barabarani ufikie kasi ya juu, kisha fungua. Mahali wino ulipofutika ndipo mkanda ulipofika. Ukibaki ukanda mpana wa wino juu, mkanda haupandi wote: ama ni mwembamba, ama rola ni nyepesi mno, ama springi ya nyuma ni ngumu mno. Ukibaki wino chini karibu na bushi, mkanda haushuki vya kutosha, ndiyo maana skuta inaondoka kizito.

Mahali unapoishi pia pana kauli. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ni pungufu ya ile ya Mombasa kwa karibu moja ya tano. Injini inapoteza nguvu kwa kiasi kama hicho, haifiki mzunguko wake, na skuta iliyokuwa safi Mombasa inakuwa nzito Ngong Road. Gramu moja pungufu kwenye rola hurudisha sehemu ya uchangamfu huo. Hali ni hiyohiyo kwa anayepanda kutoka Mombo kwenda Lushoto na abiria nyuma. Lakini anayezunguka Dar es Salaam au Tanga tambarare, peke yake, hana sababu ya kuondoka kwenye uzito wa kiwandani.

Springi

Springi kubwa na springi ndogo za klachi huuzwa kwa namba: 1000, 1500, 2000. Ichukue namba hiyo kama daraja la ugumu, usiichukue kama ahadi ya mzunguko.

Springi kubwa ngumu hufanya gia ishuke haraka mlimani na kubana mkanda usiteleze. Gharama yake ni joto, mkanda kulika haraka, na kasi ya juu kupungua. Skuta ambayo injini yake haijaongezwa nguvu haihitaji zaidi ya 1000. Wauzaji wa seti za kuongeza kasi huiweka 2000 kwenye boksi kwa sababu inasikika vizuri, nami naiona ndiyo kipande kinachoharibu skuta nyingi kuliko kingine chochote kwenye boksi hilo. Kama ya zamani imefupika ukiilinganisha na mpya, weka mpya ya daraja lilelile.

Springi ndogo za klachi huamua viatu vishike lini. Ngumu zaidi, injini inapanda kwanza ndipo skuta inaondoka kwa nguvu. Barabara wazi ni raha. Kwenye foleni ya Mwenge au Posta, ambapo unasogea mita mbili na kusimama, viatu vinateleza muda mrefu zaidi, bakuli linakuwa la buluu, na mtetemo uliouondoa unarudi. Anayefanya kazi ya kupeleka vifurushi mjini aziache laini.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha rola na springi siku ileile, karatasi yako haitakuambia kipi kilifanya nini.

Baada ya hapo

Fungua kava kila kilomita 4,000 au 5,000, pima mkanda na rola, safisha vumbi. Kagua nati ya mbele baada ya siku chache za kwanza, hata kama ulikaza kwa kipimo. Oili ya gia za nyuma ni tofauti na ya injini, nayo husahaulika kabisa. Imwage na uweke ya 80W-90 angalau mara moja kwa mwaka, na ukikuta unga wa chuma unaong'aa ndani yake, beringi zinaomba msaada. Ukikuta imekuwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, jambo la kawaida kwa skuta zilizopita kwenye mafuriko ya masika.

Mkanda ulioutoa, kama ulipungua upana tu na hauna nyufa, uweke chini ya kiti pamoja na boksi ya nati ya mbele na kile kifaa cha kuzuia puli. Siku mkanda uliopo ukikatika mbali na mji, utakufikisha kwa fundi kwa mwendo wa taratibu.